Wilson Bentley, mkulima aliyekimbilia dhoruba wakati wengine wakifunga milango

Katika jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, theluji ikianza kuanguka watu wengi huingiza mifugo zizini, huongeza kuni motoni na kufunga milango. Wilson Bentley alifanya kinyume. Mkulima huyo wa Jericho alipoona dhoruba inakuja, alivaa koti zito, akachukua ubao mweusi na kutoka nje kukinga chembe za theluji. Alizoea kazi hiyo tangu ujana wake hadi mwaka wa 1931, na ndiyo pia iliyompeleka kaburini.

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1865. Mama yake, aliyewahi kuwa mwalimu, alimfundisha nyumbani hadi alipofikia umri wa miaka 14. Ni mama huyo aliyempa mikroskopi ya zamani, chombo kinachokuza vitu vidogo visivyoonekana vizuri kwa macho. Watoto wa jirani walipokuwa wakirushiana theluji, yeye aliweka chembe moja chini ya kioo, akaona nyota ya pembe sita iliyopangika kama kazi ya sonara. Alijaribu kuichora. Kabla penseli haijafika nusu, nyota ilikuwa imeyeyuka na kuwa maji.

Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu kijana alitaka mashine ya kupiga picha, na mashine ya namna hiyo iligharimu pesa nyingi kwa familia inayoishi kwa maziwa ya ng'ombe. Baba yake aliona ni upuuzi. Hata hivyo pesa zilitoka, mashine ikanunuliwa na kuunganishwa na mikroskopi. Kwa muda mrefu hakupata chochote cha maana. Halafu tarehe 15 Januari 1885, wakati wa dhoruba, akiwa bado hajatimiza miaka 20, alipata picha safi ya chembe moja ya theluji. Inahesabiwa kuwa ya kwanza iliyofanikiwa kwa njia hiyo.

Kazi yenyewe ilihitaji subira isiyo ya kawaida. Alifanyia kazi katika chumba kisicho na moto, maana joto dogo tu lingeharibu kila kitu. Chembe ikianguka kwenye ubao, aliitazama haraka. Ikiwa nzuri, aliinyanyua kwa kijiti chembamba, akailaza juu ya kioo na kuigandamiza taratibu kwa unyoya, huku amezuia pumzi. Siku nyingi za baridi zilipita bila dhoruba nzuri. Lakini dhoruba moja ya Februari 1928 peke yake ilimpa picha zaidi ya 100. Hadi mwisho wa maisha yake alikuwa amepiga zaidi ya 5,000, karibu zote kwa mashine ile ile, na hakuona mbili zilizofanana kabisa.

Majirani walimwona kama mtu wa ajabu. Mkulima ambaye hakuoa, anayetumia pesa zake kwa kitu kinachoyeyuka! Hata wasomi hawakumpokea mara moja. Makala yake ya kwanza kubwa ilitoka mwaka wa 1898, kwa msaada wa profesa George Perkins wa chuo kikuu cha Vermont. Baadaye mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Gustav Hellmann, alimshutumu kwamba anachezea picha. Kweli Bentley alikuwa akikwangua kwa kisu sehemu iliyozunguka chembe kwenye nakala ya picha, ili nyota nyeupe ionekane wazi juu ya weusi. Hakuficha jambo hilo. Lakini kila mtu anayetaka kutumia picha zake kwa vipimo anapaswa kulikumbuka, na Hellmann hakukosea kuuliza.

Kazi yake isiyojulikana sana ni ile ya mvua, na pengine ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi. Kati ya 1898 na 1904, mvua ilipokuja, Bentley alitoka na sahani yenye unga wa ngano uliochekechwa. Aliiacha wazi kwa sekunde chache tu. Kila tone lililoanguka liligeuka kidonge kidogo cha unga, naye akavipima kimoja kimoja. Ili ajue kidonge kinalingana na tone la ukubwa gani, aliangusha kwanza matone ambayo tayari alikuwa ameyapima. Kwa njia hiyo ya jikoni alipata vipimo 344 kutoka mvua 70, na kuona kwamba matone makubwa kabisa hufikia milimita 6 hivi. Alieleza pia kwamba mvua nyingine huanza kama theluji juu mawinguni na kuyeyuka ikishuka.

Wataalamu waliisoma makala hiyo ya 1904 na kuiweka kando. Ilipita karibu miaka 40. Mwaka wa 1943, watafiti wa Marekani Laws na Parsons, waliotaka kujua jinsi mvua inavyobomoa udongo wa mashamba, walipima matone kwa unga vilevile. Bentley hakuwepo tena kuona hayo.

Mwezi wa Novemba 1931 kilitoka kitabu chake, Snow Crystals, alichokiandaa pamoja na William Humphreys wa idara ya hali ya hewa ya Marekani. Kilikuwa na picha zaidi ya 2,000. Alikuwa na miaka 66. Wiki chache tu baadaye alirudi nyumbani kwa miguu katikati ya dhoruba ya theluji, akiwa hakuvaa vya kutosha, akapata ugonjwa wa mapafu. Alifariki tarehe 23 Desemba, katika nyumba ile ile ya shambani.

Daftari lake la hali ya hewa, alilolijaza siku kwa siku, linaishia tarehe 7 Desemba. Siku hiyo aliandika kuhusu upepo baridi wa kaskazini na theluji iliyokuwa ikipeperuka.