Marehemu Muhammad Shamte Hamadi na Mizani ya Viti Vitatu
Marehemu Muhammad Shamte Hamadi, mwana wa Pemba, alishika chaki kabla ya kushika hatamu za siasa. Mnamo mwaka 1959 yeye na wenzake walijitenga na Afro-Shirazi Party (ASP), wakaunda Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP).

Katika uchaguzi wa Januari 1961, ASP ilipata viti 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP) 9, nayo ZPPP 3. Wawili miongoni mwa watatu hao waliegemea ZNP, mmoja akaiunga mkono ASP. Ikawa 11 kwa 11, serikali isiundike. Uchaguzi uliporudiwa Juni, hesabu ilikuwa 10, 10 na 3. Safari hii watatu wote walishikamana na ZNP, Shamte akawa Waziri Kiongozi. Lakini ghasia za siku hizo ziliangamiza watu 68.

Mwaka 1963 muungano huo ulitwaa viti 18 kati ya 31, ilhali ASP ilikuwa na zaidi ya nusu ya kura. Uhuru ulipopatikana Desemba 10, Shamte alikuwa Waziri Mkuu. Januari 12, 1964, mapinduzi yakaiangusha serikali yake. Maisha yake yanafunza kwamba viti vyaweza kuunda serikali, bali peke yake haviijengei imani ya umma.