Shaaban Robert na Insha Yangu ya Ng'ombe

 Nina kisa cha aibu ambacho lazima nianze nacho, maana bila hicho nisingemjua mtu ninayetaka kuwasimulia.

Mwaka jana mwalimu alituagiza tuandike insha ya kusikitisha. Nikajisemea, leo ni leo, lazima watu walie! Nikaandika juu ya ng'ombe wetu mweupe aliyekufa katika ule ukame wa 2022, ambao sisi wa Masalani na Ijara nzima hatutausahau. Kwenye insha yangu machozi yalitiririka njia mbili mbili kama Mto Tana uliofurika, moyo wangu ukapasuka vipande elfu, na mbingu nazo zikaomboleza. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Lo! Watu walicheka hadi kengele ikalia. Nami nikainamisha kichwa. Ng'ombe yule tulimpenda sana nyumbani, na sasa mimi mwenyewe nilikuwa nimemfanya kichekesho.

Jioni mwalimu akaniita, akanipa kitabu chembamba kilichochakaa, kurasa zimeshikiliwa na uzi. Kiliitwa Adili na Nduguze. Akaniambia nisome kisha nimtafute mtu aliyekiandika. Nikafanya hivyo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga, wakati Wajerumani wakiitawala Tanganyika. Asili ya ukoo wake ilikuwa Wayao, lakini yeye alikua kwa Kiswahili akajihesabu Mswahili. Jambo hili lilinipa moyo mimi ambaye nyumbani nazungumza Kisomali. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akarudi na cheti chake. Chuo kikuu hakukiona. Basi, masomo yakaishia hapo.

Mwaka huo huo wa 1926 akaajiriwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya hadi 1944, na Pangani ni moja ya vituo vyake. Baadaye alihamishiwa idara ya wanyama, halafu akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na mwisho kwenye ofisi ya upimaji ardhi. Kwa ufupi, mtu huyu tunayemwita gwiji alikuwa karani wa serikali ya mkoloni karibu maisha yake yote. Mchana aliandika hesabu za watu wengine, na vitabu vyake akavitunga katika saa zilizobaki. Sisi tukipewa insha moja wikendi, tunalalamika kwamba hatuna wakati.

Alikuwa na mke aliyeitwa Amina. Amina akafariki. Shaaban alimtungia shairi, tena akamwandika katika Maisha Yangu, kitabu anachosimulia habari zake mwenyewe. Nilipokuwa nikikisoma niliingoja ile mbingu ilie, kama ilivyolia katika insha yangu. Haikulia. Anamweleza mkewe alivyokuwa, mtu unayeweza kumwona, halafu mtu huyo hayupo tena. Nilifunga kitabu nikakaa kimya kitandani. Mwenzangu wa kitanda cha juu akaniuliza kama ninaumwa.

Pia aliwaandikia watoto wake tenzi za wosia, na ule wa binti yake unaitwa Hati. Hapo aliifuata njia ya Mwana Kupona wa huku kwetu pwani ya kaskazini, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi maarufu hadi leo. Pate si mbali na sisi. Ukitoka Ijara unaelekea Lamu, na kutoka Lamu ni safari ya mashua tu. Nashangaa kwamba tunasoma habari za Shakespeare wa Uingereza kana kwamba huku hakukuwa na watu wa kalamu.

Kitabu chake kinachotajwa zaidi ni Kusadikika cha 1951. Ni hadithi ya nchi iliyoko angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria. Katika kujitetea anawakumbusha watawala wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na habari za manufaa, na badala ya shukrani wakatupwa gerezani. Kwa wasomaji waliokuwa chini ya mkoloni fumbo hilo halikuwa gumu. Nakiri kwamba mimi nilikisoma kwa heshima kuliko kwa moyo. Wajumbe ni wengi, na ninapoanza kumzoea mmoja, huyo anafungwa, anakuja mwingine. Walimu wasinikasirikie.

Lakini Adili na Nduguze, kilichotoka 1952! Adili ni liwali wa mji wa Janibu chini ya Mfalme Rai. Kila usiku anaingia chumba walimofungwa nyani wawili, anawachapa kwa kiboko, kisha anawalilia na kuwapa chakula kizuri. Nani amewahi kuona jambo kama hili? Nilisoma chini ya blanketi kwa tochi baada ya taa kuzimwa (mwalimu wa zamu asinisikie). Kumbe nyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa sababu ya wivu. Jini aitwaye Huria alimwokoa, akawageuza ndugu hao kuwa nyani, na akamwamuru Adili awachape kila usiku, atake asitake.

Kisa chenyewe ni cha kale, kinafanana na kimoja cha Alfu Lela Ulela, ila kule ndugu ni mbwa. Tena majina ya Shaaban yanatangulia kumfichua mtu, maana ukimwita mtoto Hasidi unatarajia nini? Nilicheka majina hayo. Hata hivyo nililia, na nikataka kujua kwa nini.

Nikarudia zile kurasa za kiboko mara tatu. Nikaona kwamba Shaaban hajishughulishi kunihesabia machozi ya Adili. Ananionyesha mkono. Mkono unaochapa ndio huo huo unaolisha, na mwenye mkono angetamani uwe wa mtu mwingine. Ningejibiwa tu kwamba Adili ana huzuni kuu isiyo kifani, ningepiga miayo nikalala.

Ndipo nikakumbuka nilichokiacha nje ya insha yangu. Wafugaji wenzangu mnajua kwamba ng'ombe akidhoofu sana hawezi kusimama asubuhi, ni lazima ainuliwe, mmoja ashike mkia na wengine ubavuni. Baba alimwinua yule mweupe kwa siku nyingi, akitushurutisha sisi watoto tushike vizuri. Asubuhi moja hakutuita. Alitoka peke yake na kisu, akamgeuzia kibla, akamchinja kabla hajafa mwenyewe. Kisha akanawa mikono, akaendelea kuinawa hata baada ya damu kwisha, na maji yenyewe tulikuwa tumeyateka mbali. Mama alimtazama tu, hakumwambia aache. Hayo yote niliyaona, wala sikuandika hata moja. Niliandika mbingu.

Shaaban aliendelea kuandika. Mwaka 1958 ulichapishwa wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyezaliwa Fumba, aliyeuza vyungu kabla sauti yake haijamfikisha Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Alikuwa mjumbe wa kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na Waingereza wakamvisha nishani. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961 alikuwa hai, lakini hakuufaidi sana, kwani alifariki Juni 1962 akiwa na umri wa miaka 53. Baadhi ya vitabu vyake hakuviona vikitoka. Kufikirika kilichapishwa 1967, na Utubora Mkulima, kinachomhusu karani aliyeacha ofisi akashika jembe, mwaka uliofuata. Huwa najiuliza kama karani huyo si yeye mwenyewe katika ndoto zake za mchana.

Nami niliiandika upya insha yangu, kurasa mbili tu. Neno machozi halimo. Mwalimu aliposoma, darasa halikucheka, na msichana mmoja ambaye kwao walipoteza mifugo yote aliomba ruhusa akatoka nje.

Likizo ya Agosti nikaenda nayo nyumbani. Baba hasomi Kiswahili, kwa hiyo nilimsomea kwa Kisomali, nikitafsiri mstari kwa mstari. Nilipofika pale pa kunawa mikono alinyanyuka, akasema anakwenda kuangalia ndama. Zizi liko nyuma ya nyumba, hatua ishirini hivi. Alirudi baada ya sala ya Isha.