Augustus, mfalme aliyetoa wanajeshi 600 ili apate vyombo vya kauri

Mnamo mwaka wa 1717, watawala wawili wa nchi za Kijerumani walibadilishana mali kwa namna ambayo hadi leo ni vigumu kuiamini. Mmoja alitoa wanajeshi 600, naye mwenzake akatoa vyombo 151 vya kauri.

Aliyetoa wanajeshi alikuwa Augustus, mtawala wa Saxony na mfalme wa Poland. Alifahamika kama Augustus Mwenye Nguvu, kwani inasimuliwa kuwa aliweza kuvunja chuma cha kwato za farasi kwa mikono mitupu.

Augustus alizaliwa mjini Dresden mnamo Mei 12, 1670. Akiwa mtoto wa pili, hakutarajiwa kurithi kiti cha babake. Hata hivyo, kakake aliyekuwa mtawala, Johann Georg, alifariki kutokana na ndui mwaka wa 1694, naye Augustus akashika hatamu za uongozi.

Miaka mitatu baadaye aliacha madhehebu ya Kilutheri na kuwa Mkatoliki ili achaguliwe mfalme wa Poland. Mkewe, Christiane Eberhardine, alikataa kumfuata. Alisalia Mlutheri na hakukanyaga Poland hadi alipoaga dunia.

Ufalme huo haukumpa raha. Mwaka wa 1700 alijitosa vitani dhidi ya Uswidi, na kufikia 1706 alikuwa ameshindwa na kulazimishwa kulivua taji. Alilipata tena mwaka wa 1709 baada ya Warusi kuwashinda Waswidi huko Poltava.

Pamoja na vita na siasa, kitu kimoja kiliuteka moyo wake: kauri.

Wakati huo, vyombo vya kauri vilitoka Uchina, hasa mji wa Jingdezhen, na baadaye pia Japani. Vilivuka bahari katika merikebu za makampuni ya biashara ya Uholanzi na Uingereza. Sahani na bakuli za Kichina zilikuwa zimefika hata pwani ya Afrika Mashariki karne nyingi kabla, ambako zilipachikwa kwenye kuta na makaburi ya watu wenye hadhi.

Wazungu walivistaajabia vyombo hivyo vyeupe, vyembamba na vigumu, kwa kuwa wao wenyewe hawakujua siri ya kuvitengeneza. Wafalme na makabaila walijenga vyumba maalum katika makasri yao ya mjini na mashambani, wakavipanga humo toka sakafuni hadi darini ili wageni waone utajiri wao.

Augustus aliwapita wote. Yeye mwenyewe alikiri kwamba tamaa hiyo ilikuwa kama ugonjwa usiojua kutosheka.

Tamaa ya dhahabu nayo ndiyo iliyomfanya kumfunga kijana Johann Friedrich Böttger, aliyetorokea Saxony kutoka Prussia mwaka wa 1701 baada ya kudai kuwa angeweza kutengeneza dhahabu. Dhahabu haikupatikana. Lakini akiwa kizuizini, Böttger alishirikiana na msomi Ehrenfried Walther von Tschirnhaus, na mwaka wa 1708 wakafaulu kupata kauri nyeupe. Mwaka wa 1710, Augustus alifungua kiwanda huko Meissen, cha kwanza cha aina hiyo barani Ulaya. Böttger alifariki mwaka wa 1719 akiwa na umri wa miaka 37 tu.

Ingawa sasa alikuwa na kiwanda chake, Augustus hakuacha kutamani vyombo vya Kichina. Aliyekuwa navyo kwa wingi ni jirani yake, Friedrich Wilhelm wa Kwanza, mfalme wa Prussia, aliyerithi makasri ya Oranienburg na Charlottenburg pamoja na kauri iliyokusanywa na wazee wake.

Friedrich Wilhelm hakupenda anasa. Alichopenda ni jeshi. Augustus kwa upande wake alikuwa na askari ambao kuwatunza kulimgharimu fedha nyingi. Hivyo basi, kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake alikitaka.

Miongoni mwa vyombo 151 vilivyopelekwa Dresden kulikuwa na mitungi mikubwa yenye vifuniko, ya rangi ya buluu na nyeupe, yenye kimo cha karibu mita moja. Askari nao walipelekwa Prussia bila farasi wala silaha, kama mali nyingine yoyote ile. Huko waliundiwa kikosi ambacho watu walikibandika jina la Kikosi cha Kauri.

Mwaka huo huo Augustus alinunua kasri kando ya mto Elbe, ambalo baadaye liliitwa Kasri la Kijapani, akakusudia kulijaza kauri. Kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari, aliamuru vyombo vyote viorodheshwe kuanzia mwaka wa 1721 na kila kimoja kichongwe nambari yake. Alipofariki mjini Warsaw mnamo Februari 1, 1733, alikuwa amekusanya zaidi ya vyombo 20,000, na kasri lenyewe halikuwa limekamilika.

Jeshi ambalo Friedrich Wilhelm alilijenga halikukaa bure. Mwaka wa 1756 mwanawe, Friedrich wa Pili, aliivamia Saxony na kukitwaa kiwanda cha Meissen. Mwana wa Augustus, aliyekuwa mtawala wakati huo, alikimbilia Poland.

Kauri ilidumu kuliko falme hizo mbili. Mwaka wa 1945, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, sehemu kubwa ya hazina hiyo ilichukuliwa na Muungano wa Sovieti na kurejeshwa mwaka wa 1958. Tangu 1962 imekuwa ikionyeshwa katika jumba la Zwinger mjini Dresden, na mitungi ile mikubwa bado inaitwa mitungi ya askari.

Nambari zilizochongwa karne tatu zilizopita zingali zinasomeka kwenye vyombo vingi, kila kimoja na yake. Wale wanaume waliotolewa ili vyombo hivyo vipatikane, historia huwataja kwa nambari moja tu: 600.