O'Shaughnessy: Tabibu wa Bangi na Chumvi
William Brooke O'Shaughnessy alizaliwa Limerick, Ayalandi, mwaka 1809. Wengi humtaja kwa bangi pekee. Kwa maoni yetu, wanampunja. Kipindupindu kilipozuka Uingereza mwaka 1831, aliipima damu ya wagonjwa, akabaini kuwa kuhara kuliinyang'anya maji na chumvi. Mwaka uliofuata, Thomas Latta aliifuata hoja hiyo, akawatilia wagonjwa maji ya chumvi mishipani. O'Shaughnessy mwenyewe alikwenda Calcutta, Bara Hindi, mwaka 1833. Huko aliijaribu bangi kwa wanyama kwanza, kisha mwaka 1839 akaeleza jinsi ilivyotuliza matumbo ya wenye kipindupindu. Ilituliza, maji haikuyarudisha. Ajabu ni kwamba cheo cha Sir, mwaka 1856, alikipata kwa nyaya za telegrafu! Alifariki mwaka 1889.