Aliyehesabu Herufi Wakati Hana Kazi

Wanachuo wenzangu, mashindano ya Scrabble yana ukimya wa chumba cha mtihani. Watu wawili, saa katikati, kila mmoja na dakika zake 25. Neno lako likipingwa na kamusi ikalikataa, unaliondoa ubaoni na zamu imekwenda. Unaweza kudhani aliyebuni mchezo huu alikuwa profesa wa lugha. Wapi!

Alfred Mosher Butts alizaliwa mwaka 1899 huko Poughkeepsie, jimbo la New York, Marekani. Alikuwa msanifu majengo. Mwaka 1931, uchumi ulipoporomoka, kazi ikaota mbawa. Ana mke, hana mshahara.

Jamaa akachukua magazeti, akaanza kuhesabu herufi moja moja: ipi inatokea sana, ipi mara chache. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa vipande 100 tunavyovijua. E ziko 12, kila moja alama 1 tu. Q na Z ziko moja moja, alama 10. S akaziweka nne tu, kwa sababu kwa Kiingereza ukibandika S mwishoni umepata wingi, na mchezo ungekuwa mteremko. Mpaka leo mchezaji wa mashindano anayajua mahesabu hayo kwa kichwa, maana anahesabu kilichobaki mfukoni.

Kampuni za michezo zilimkatalia. Akaongeza ubao, akabadili jina, bado zikamkatalia. Usanifu ulipopata nafuu akarudi kazini. Mwaka 1948 James Brunot akauchukua mchezo, akauita Scrabble, na Butts akabaki na fungu dogo kwa kila seti itakayouzwa. Mwaka 1949 zilitengenezwa seti 2,400, ikawa hasara. Mauzo yalipaa kuanzia 1952, duka la Macy's lilipoanza kuuza.

Butts mwenyewe tahajia ilimpiga chenga, na mkewe Nina, aliyewahi kuwa mwalimu, alimshinda kwenye mchezo wake mwenyewe. Mwaka 1991 ubingwa wa dunia ulichezwa kwa mara ya kwanza, London. Mzee alifariki mwaka 1993, akiwa na miaka 93.

Sisi wa ualimu ajira tunaisikia kwa jirani. Sitasema kukosa kazi ni baraka. Tangu apoteze kazi mpaka Scrabble ipate jina ni miaka 17, na kodi ya chumba haisubiri hivyo. Ila muda ule mtupu aliutumia kuhesabu vizuri, na hesabu yake haijapingwa ubaoni.