Mwariama wa Meru: Mpini na Makali

Sisi watu wa mwambao nchi ya Meru twaijua kwa miraa. Magari hushuka mbio kutoka milima ya Nyambene, vitita vimefungwa kwa majani ya mgomba, na wengi wetu ujuzi wetu wa nchi ile huishia kwenye vitita hivyo. Leo tuipande milima hiyo kwa jambo jingine. Tuyatazame maisha ya marehemu Musa Mwariama, Jemadari Mkuu wa Mau Mau upande wa Meru, na pamoja naye tuitazame sime, silaha ambayo watu wa Meru na Embu waliizoea kabla hawajaiona bunduki.

Sime ya huko si kisu cha jikoni. Ni chuma kirefu chenye makali pande mbili, chembamba karibu na mpini na kipana kuelekea ncha, na katikati kimetiwa mgongo ili kisipinde. Zamani wahunzi waliosha mchanga wa mito wenye chembe za chuma, wakauyeyusha kwa makaa na mivuo. Magari yalipoingia, springi za malori zikawa chuma bora zaidi. Mhunzi aliheshimiwa, na laana yake iliogopwa. Lakini kazi ya mhunzi huisha chuma kinapopoa. Mpini na ala hutaka ujuzi mwingine, nao ni ujuzi wa subira.

Mpini huvishwa ngozi mbichi iliyorowa. Ngozi ikikauka hujibana, ikaushika mpini kama kwamba imezaliwa nao, na mkono wenye jasho usiteleze. Ala ni mbao mbili nyembamba zilizochongwa kwa kipimo cha sime ile ile, zikashonewa ngozi juu yake na kupakwa rangi nyekundu. Ala ya sime moja haiifai sime nyingine: ikiwa pana, sime hucheza, ikiwa nyembamba, hukwama saa ya haja. Wazee wetu wa Unguja na Lamu waliovaa jambia zenye mipini na ala za fedha wangeielewa kazi hiyo mara moja. Ya Meru haina fedha, lakini akili ya fundi ni ile ile.

Katika nchi ya mafundi hao ndiko alikozaliwa Mwariama, mwaka 1928, huko Muthara katika Tigania. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, wakati wa kodi na kipande. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, Mzee Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa, na vijana wengi wa nchi zinazouzunguka Mlima Kenya wakakimbilia misituni. Mwariama alikuwa mmoja wao, umri wake miaka ishirini na kitu.

Vita vya Meru na Embu vilikuwa na uchungu wake wa pekee. Katika Meru, wazee wa baraza la Njuri Ncheke, ambao neno lao lilikuwa sheria, walisimama upande wa serikali kukipinga kiapo. Kwa hivyo kijana aliyeingia msituni aliacha nyuma yake si Mzungu peke yake, bali pia baba na wajomba waliomhesabu kuwa mpotevu. Na waliobaki vijijini nao hawakusalimika. Mwezi wa Juni 1953, huko Chuka, katikati ya njia ya Embu na Meru, askari wa KAR waliokuwa chini ya maofisa wa Kiingereza waliwaua wanakijiji wapatao 20, na baadhi yao walikuwa walinzi wa serikali hiyo hiyo.

Msituni hapana duka. Serikali ilichimba handaki refu kandokando ya msitu wa Mlima Kenya, likatiwa miba ya mianzi, ili chakula na risasi visipite. Ndege za vita ziliangusha mabomu juu ya miti. Watu wa vijijini walihamishwa wakatiwa katika vijiji vyenye ulinzi. Basi waliokuwa msituni walirudia ujuzi wa mababu. Nguo zilipochakaa walivaa ngozi za wanyama, wakazikata na kuzishona kuwa makoti, kofia, mikanda na mifuko. Bunduki walizibuni wenyewe: bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango likawa kufuli ya risasi, na gogo likachongwa kuwa kitako. Bunduki hizo mara nyingine zilimlipukia mwenyewe mpigaji. Sime haikuwa na hila hiyo. Ilitaka mpini imara na ala kavu tu, na katika mvua za mlimani, mtu asiyejua kuitunza ngozi aliikuta sime yake imeliwa na kutu.

Kadiri miaka ilivyopita, wakubwa wa vita walikatika mmoja mmoja. Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, alikamatwa Januari 1954. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akiwa amevaa koti la ngozi ya chui, akanyongwa Februari 1957. Maelfu walitiwa kambini, na hapa ndipo habari ya bara inapotufikia sisi. Maji ya mito ya Meru na Embu huingia katika Mto Tana, na Tana hupita Hola kabla ya kufika baharini. Huko Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa mpaka wakafa. Na Manda, ng'ambo ya Lamu, palikuwa na kambi pia. Bahari yetu iliyaona mateso yale, ijapokuwa vita havikuwa vyetu kwa jina.

Mwariama hakuuawa wala hakukamatwa. Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960, yeye yumo msituni. Kenyatta alifunguliwa Agosti 1961, yeye yumo msituni bado. Alitoka siku za Uhuru, Desemba 1963, baada ya zaidi ya miaka kumi, akakutana na Kenyatta ana kwa ana. Picha yao ingali inajulikana: Mzee na yule mpiganaji wa nywele ndefu za misokoto, wamesimama pamoja. Hapo sime ilirudishwa alani. Serikali ya Uhuru iliwataka wapiganaji watoke na waweke silaha zao, na wengi walitii.

Lakini Waswahili tuna msemo wa mpini na makali: mmoja ameushika mpini, mwenziwe ameachiwa makali. Wale wa msituni walidhani Uhuru ungewapa mpini. Ardhi ya walowezi ilipogawanywa, ilinunuliwa kwa fedha na kwa mikopo, na mtu aliyetoka msituni na ngozi mwilini hakuwa na fedha wala wa kumdhamini. Wengi walijikuta wameshika makali. Jenerali Baimungi wa Meru, mwenziwe Mwariama katika vita, hakuridhika akarudi msituni na watu wake. Januari 1965 aliuawa na majeshi ya serikali ile ile aliyoipigania. Mkoloni alikuwa amemshindwa.

Mwariama aliishi mpaka mwaka 1989, akafa chama alichokipigania kingali kimepigwa marufuku na sheria. Marufuku hiyo ya mkoloni iliendelea miaka 40 baada ya Uhuru, ikaondolewa mwaka 2003. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Mwariama alikuwa kaburini miaka 24.

Sime za Meru na Embu zingali zikionekana, nyingine katika majumba ya makumbusho, nyingine zimetundikwa ukutani kwa pambo. Mgeni akizitazama husifu ngozi nyekundu na mshono mzuri, na sifa hiyo ni haki yake fundi. Sisi tutazame na mpini. Tujiulize ni mkono gani ulioufanya ulaini hivyo, na mkono huo ulipata nini vita vilipokwisha. Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kulipa kwa haki, lakini hesabu ya duniani ni juu yetu tulio hai.