Stephen Kleene, mwanahesabu aliyefundisha ordinatere kukata maneno

Kila asubuhi mu vyumba vya redio, hapa Kamina kama kwingine, kuna kazi moja yenye kuchosha: kusafisha kominike. Tangazo la kifo limeandikwa ku simu haraka haraka, maneno yamerudiliwa, nafasi zimejaa ovyo. Unaambia ordinatere ifute neno "kama" lililozidi, nayo inalifuta kila pahali. Bukama inabaki "Bu". Sasa ndugu walio mbali watajuaje matanga ni teritware gani?

Dawa ya shida hiyo ilianzia kwa mwanahesabu mmoja wa Marekani.

Stephen Cole Kleene alizaliwa tarehe 5 Januari 1909 mu mji wa Hartford. Baba yake alikuwa profesa wa uchumi, mama yake mtunga mashairi. Jina lake alilitamka Klei-ni. Wengi wanasoma Klini, na hata mwanawe aliona kwamba matamshi ya baba hayakufuata lugha yoyote inayojulikana. Alipata udaktari wa hesabu Princeton mwaka 1934, chini ya Alonzo Church. Mwaka uliofuata akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin, kule Madison. Ukiondoa miaka ya vita, alipotumika mu jeshi la majini, huko njo karibu kazi yake yote ilipita.

Mwaka 1951, wakati wa likizo, alikuwa ku shirika la RAND, anasoma andiko la McCulloch na Pitts juu ya mishipa ya ubongo. Akajiuliza: mashine yenye kumbukumbu ndogo inaweza kutambua mifuatano gani ya alama? Jibu lake linashangaza kwa wepesi. Vitendo vitatu vinatosha: kuunganisha, kuchagua, na kurudilia. Kile cha kurudilia kinaandikwa kwa nyota, na mpaka leo inaitwa nyota ya Kleene. Maana yake: kitu kinaweza kukosekana, kuwa kimoja, ao vingi vyenye kufuatana. Kazi hiyo ilichapishwa 1956.

Mwaka 1968 Ken Thompson alionyesha namna ya kuitumia ili ordinatere itafute maneno mu maandishi. Kisha wengine wakaongeza alama ya mpaka wa neno, \b, na hiyo njo inaokoa Bukama yetu. Ukiandika \bkama\b, inakatwa tu ile "kama" iliyosimama peke yake. Unataka na nafasi za nyuma yake ziondoke? Ongeza nafasi moja na nyota. Nyota ya mzee inazikamata zote, hata zikiwa kumi.

Mwenyewe alipenda sana kupanda milima na kulinda mazingira, na shamba la familia kule Maine hakulisahau. Alistaafu 1979, akapewa nishani ya taifa ya sayansi 1990, akafariki Madison tarehe 25 Januari 1994.